Mtu wa Kusubiri

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko kwenye daraja lenu, wewe na mafundi wenzako. Wifi ameniambia kwamba macho yamekusumbua tena kwa ule moto wa kuchomelea, na kwamba miwani mipya uliyopewa unaivaa mfukoni. Tafadhali, ivae usoni. Mama hajambo, goti linamsumbua asubuhi tu, halafu likishapata joto anasahau na kuanza kufukuzana na kuku wa jirani. Watoto wako nimeongea nao Jumapili. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anataka kila mtu ayaone mapengo.

Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu mara tatu. Kwa simu najijua, ningeanza kukuchekesha, wewe ungecheka, na muda ungeisha nikiwa sijasema kitu. Kwa hiyo nakuomba ukae chini, usome mpaka mwisho kabla hujanitafuta.

Unajua kazi yangu ilivyokuwa. Miaka sita nimekuwa nikiwapeleka vijana msituni kwa siku kumi, tunalala kwenye mahema, tunapanda kilima, tunavuka mto kwa kamba, na kila siku kijana mmoja anakuwa kiongozi wa wenzake. Akikosea njia, wote wanaifuata njia yake mpaka agundue mwenyewe. Wewe ulikuwa ukinitania kwamba nalipwa kwa kupoteza watoto wa watu. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kupotea, Kaka. Hata kiatu hakikupotea.

Shule zilipofungwa kwa ajili ya ule ugonjwa na mikusanyiko ikakatazwa, mkurugenzi wetu alituita kwenye kikao cha mtandaoni, amevaa shati na tai, nyuma yake jokofu lenye sumaku za matunda. Akasema mafunzo hayatafutwa, yatahamia mtandaoni, na mimi ndiye nitakayeyahamisha kwa kuwa nimekaa nayo muda mrefu. Nilimuuliza mto nitauhamishaje. Akasema hilo ndilo nililoajiriwa nilifikirie.

Basi nikafikiria. Niliisogeza meza ya chakula dirishani, nikaiweka kompyuta juu ya sufuria lililofunikwa ili kamera inifikie usoni. Mahali pa kuvuka mto niliweka zoezi la jikoni: kijana mmoja anafungwa kitambaa machoni nyumbani kwao, na mwenzake aliye mbali anamwongoza kwa sauti tu mpaka aipate chumvi. Tulicheka sana siku hiyo. Mmoja aliipata sukari, akaitia kwenye mchuzi wa familia nzima. Mahali pa ramani na dira, kila mmoja alichora kwa kumbukumbu njia ya kutoka kwao hadi shuleni, na wengi waligundua kwamba hawajawahi kuitazama. Wiki ya tatu nilianza kuamini kwamba jambo hili linawezekana. Nikaanza hata kujisifu kidogo.

Walikuwa kumi na wawili. Kama ilivyo desturi yetu, kila mmoja alijichagulia jina la kambini, na mimi wananiita Dada. Watatu ndio utakaowasikia katika barua hii. Spika ni msichana wa miaka kumi na saba, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, ambaye tulimwomba akae mbali na kipaza sauti. Mpishi ndiye yule wa sukari kwenye mchuzi. Wa tatu ni Karanga. Huyu alikuwa mdogo kuliko wote, miaka kumi na sita, mwembamba, mkimya. Wazazi wake hawapo tena. Anaishi katika chumba kimoja na dada yake mkubwa anayefanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti, katika mji ulio mwendo wa saa tano kwa basi kutoka hapa kwangu. Kila kikao tulikuwa tukiona ukuta wa matofali nyuma yake, na kila akiwasha kipaza sauti tulisikia malori.

Sasa, kule msituni kuna zoezi moja ambalo vijana wote hulikumbuka hata wakisahau mengine. Tunaliita zoezi la ukimya. Kila kijana anakaa peke yake chini ya mti kwa saa kadhaa, hana simu, hana kitabu, ana filimbi tu shingoni. Wanaporudi, wengine wanalia, wengine wanaongea kuhusu mambo waliyoyaficha miaka. Wasichojua ni kwamba sisi wakufunzi tunakuwa tumejificha karibu, kila mmoja ndani ya umbali wa filimbi. Mkurugenzi alitaka zoezi hilo liwepo. Nilimwambia wakae vyumbani mwao. Akasema chumbani si nje, na watu wanaotufadhili wameahidiwa nje.

Tukakubaliana hivi: kila kijana atafute mahali pa wazi, si zaidi ya dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani, akae hapo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, simu aiache nyumbani. Na mimi nikaongeza sharti langu. Kila mmoja awe na mtu mzima anayejua mahali hapo hasa, na ambaye dakika thelathini zikipita bila kijana kurudi, ataondoka kwenda kumtafuta. Nilimwita mtu wa kusubiri. Bila yeye, hakuna zoezi. Niliandaa fomu, kisha nikaandika orodha ya wote kumi na wawili na kuituma kwenye kundi letu la simu: huyu anasubiriwa na mama, huyu na babu, huyu na baba mdogo. Mbele ya Karanga paliandikwa Dada.

Siku ilipofika niliwaaga saa mbili kasoro. Nyuso zikazimika moja moja. Nikafagia chumba, nikafua, nikanywa chai. Saa tano kamili nilikuwa mezani. Mpishi alirudi wa kwanza, siafu wamemng'ata. Spika alirudi ananong'ona, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Walifika kumi na mmoja.

Saa tano na dakika kumi nilifanya mzaha kwamba Karanga ameupenda ukimya kuliko sisi. Saa tano na dakika ishirini hakuna aliyekuwa akicheka. Ilipofika na nusu Spika aliniuliza, kwa ile sauti yake ya kawaida sasa, "Dada, mtu wake wa kusubiri ameshaondoka kwenda kumwangalia?"

Nikasema ngoja nimpigie. Niliipiga namba ya dada yake. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Wote walikuwa wakinitazama, nyuso kumi na moja zimejipanga kwenye kioo, na mimi natabasamu huku simu iko sikioni. Nilijua, Kaka, kwamba simu hiyo haitapokelewa. Kwa nini nilijua, nitakwambia.

Namba ya Karanga mwenyewe iliita vilevile. Iko ndani kwenye chumba kilichofungwa, juu ya kitanda labda, inaita peke yake. Nilijiona nimekaa mwendo wa saa tano kutoka kwa mtoto wa watu, nguo zangu zinakauka kambani, na kitu pekee ninachoweza kufanya ni kubonyeza kidude. Kule msituni ningekuwa nimeshakimbia. Hapa hapakuwa na pa kukimbilia. Kwenye fomu yake, mahali pa kutaja sehemu, alikuwa ameandika "karibu na nyumbani", basi.

Mimi ambaye ulinipa jina la ndege kwa kuongea, sikuwa na neno. Aliyeongea ni Spika. Aliwaambia wenzake kila mmoja aandike anachokumbuka kuhusu mahali anapoishi Karanga, chochote, hata cha kipuuzi. Wakaandika. Mmoja alikumbuka malori yanayorudi nyuma yakilia. Mwingine alikumbuka ile ramani ya njia ya shuleni, kwamba alichora mashimo makubwa kando ya barabara mpya, akaandika "udongo ulichimbwa hapa". Na msichana mmoja akasema, akisitasita, kwamba wiki iliyopita walikuwa wawili kwenye zoezi na Karanga akamwambia ameshapata mahali pake: ukikaa kule, hakuna anayekuona.

Aliposema hivyo niliyawaza yale mashimo. Mvua ilikuwa imenyesha kule wiki nzima, nilikuwa nimeiona kwenye taarifa ya habari.

Mpishi anaishi mji huohuo, upande wa pili. Alikuwa ameshasimama. Mama yake ni fundi cherehani. Tulimsikia akimweleza kwa haraka, tukasikia cherehani ikinyamaza, na sauti ya mama ikiuliza mashimo yapi, ya barabara mpya? Kisha mama akasema, "Chukua ile kamba ya kuanikia." Wakatoka, na Mpishi akaacha simu yake wazi ili tuwe pamoja nao.

Wakati huo mimi nilikuwa nimepata namba ya geti la kiwanda. Mlinzi alinieleza kwa upole kwamba wafanyakazi huacha simu getini na kwamba hawezi kumtoa mtu kwenye mashine kwa simu ya mtu asiyemjua. Nilimwomba. Nilimwambia ni mdogo wake, hajulikani alipo. Akaniambia, ngoja basi mama, ngoja nione. Baadaye nilisikia kwamba dada yake alitoka mbio na koti la kazini na wavu kichwani, akakimbia hivyo njia nzima.

Kaka, saa zile mbili sitazisahau. Tulikuwa tunasikiliza. Kwenye kioo hapakuwa na picha ila anga na majani yakirukaruka, na pumzi za Mpishi. Aliita jina. Mama yake aliita jina. Walifika kwenye shimo la kwanza, halina kitu. La pili lina maji. Mama alisema, mwanangu usisogee ukingoni, ona ulivyomeguka. Kisha simu ikakatika.

Spika alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Niliwatazama watoto wale na nikawaza kwamba nitawaambia nini, nitamwambia nini mkurugenzi, nitamwambia nini dada yake, na katika kila nilichopanga kusema, Kaka, nilikuwa najitafutia mlango wa kutokea. Dakika saba zilipita. Ujumbe ukaingia kwenye kundi: "Tumempata. Anaongea."

Ilikuwa saa nane na robo. Alikuwa kwenye shimo la tatu. Ukingo ulimeguka alipokuwa anakaa tu, bado saa tatu asubuhi haijafika, akaenda chini na udongo. Mguu ulivunjika mahali pawili chini ya goti. Maji yalikuwa kiunoni, akajivuta kwa mikono mpaka kwenye jiwe, akashikilia pale zaidi ya saa tano. Walimtoa kwa kamba ya nguo na kwa nguvu za madereva wawili wa malori. Hospitali walimfanyia upasuaji siku hiyohiyo, wakamtia vyuma. Atatembea, wamesema. Itachukua muda.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Siku mbili baadaye mkurugenzi aliitisha kikao. Alinisifu. Alisema vijana wameonyesha uongozi wa kweli, na kwamba hiyo ni kazi ya mkufunzi wao. Akasema utaratibu wa mtu wa kusubiri ulikuwa mzuri na umefuatwa, kasoro ilikuwa kwa familia: dada alithibitisha kwamba atasubiri, kisha akaenda kazini. Akasema amempigia simu dada huyo kumweleza, kwa heshima, umuhimu wa kutimiza ahadi. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa.

Dada yake hakuthibitisha kitu. Fomu ya Karanga ilinifikia ikiwa tupu mahali pa mtu wa kusubiri. Nilipiga simu mara moja kwa dada yake, haikupokelewa, nikakumbuka kwamba Karanga alishatuambia simu zinaachwa getini. Orodha ilitakiwa mezani kwa mkurugenzi saa sita mchana. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Nikaandika Dada kwa mkono wangu, na kwenye kisanduku cha "amethibitisha" nikaweka alama. Nilijiambia nitampigia jioni. Jioni nilikuwa nimechoka, nikajiambia siku yenyewe itapita salama, ni saa tatu tu, ni dakika kumi kutoka nyumbani.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Alikuwa amekaa, mguu juu ya mito, amefurahi kuniona kuliko nilivyostahili. Tulipobaki wawili akaniambia kwamba nafasi ile aliiacha wazi kwa sababu hakuwa na wa kumwandika, dada yake yuko kiwandani mchana kutwa na hakutaka kumwongezea mawazo. Alikuwa na wasiwasi kwamba nitamtoa kwenye zoezi. Kisha akaiona orodha, na mbele ya jina lake pameandikwa Dada. Akanitazama kwa haya na kusema, "Nikajua umejiweka wewe." Akasema kule shimoni alikuwa akijiambia, Dada anajua muda, saa tano na nusu ikifika Dada ataanza kunitafuta, nishikilie tu mpaka saa tano na nusu.

Nikamwambia apumzike. Hilo ndilo jibu nililompa.

Nilipotoka nilimkuta dada yake kwenye korido, amekaa kwenye benchi na mfuko wa machungwa magotini. Ni mdogo kuliko mimi, Kaka, hajafika hata miaka ishirini na mitano. Alisimama, akanishika mikono yote miwili na kuniomba msamaha. Alisema huenda mdogo wake alimwambia, na yeye alikuwa amechoka, akaitikia bila kusikia, mara nyingi anaitikia bila kusikia akirudi kazini. Alikuwa ameshaamini. Alijitafutia kosa kichwani mpaka akalipata. Nikamwambia asijali, tunashukuru mtoto yuko hai. Nikapanda basi nikarudi.

Tangu hapo naogopa. Simu ikilia naruka. Nikimwona mkurugenzi kwenye kioo natafuta usoni mwake kama ameifungua ile fomu na kuona nani aliyeandika. Nimewafundisha watoto wa watu miaka sita kwamba kiongozi akikosea asimame mbele ya wenzake aseme, na wananiamini, na kila Spika anaponiita Dada nasikia kama ameniita kwa jina la mtu mwingine.

Juzi nilishindwa. Nilirudi kule kwa basi la alfajiri. Karanga ameruhusiwa, yuko nyumbani, na dada yake alikuwa zamu ya kupumzika. Nilimkuta uani anafua. Nilimweleza yote nimesimama, bila kupunguza. Hakupiga kelele. Aliendelea kukamua shuka mpaka lisitoe tone, akalitundika, akapangusa mikono kwenye nguo. Ndipo akaniuliza, "Asingepatikana, ungesema?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamwambia sijui.

Akasema mdogo wake ataambiwa na mimi mwenyewe, na sasa hivi, si kesho. Akanisindikiza mpaka mlangoni na kubaki hapo. Karanga alikuwa kitandani kando ya ule ukuta wa matofali niliouona wiki zote. Nilimwambia. Alisikiliza akichezea ncha ya bendeji. Nilipomaliza akauliza swali moja tu, kwamba kwa hiyo, asubuhi yote ile, hapakuwa na mtu?

Nikasema hapakuwa na mtu.

Aligeukia ukutani. Kisha aliniomba nimsogezee mto chini ya mguu, umeteleza. Nikausogeza. Sikusikia tena neno kutoka kwake, na sikuona haki ya kusubiri lingine.

Kesho saa tatu asubuhi nina miadi na mkurugenzi. Maelezo nimeyaandika karatasi moja, yenye fomu, saa, na kwamba dada yake hana kosa. Nimeomba ampigie simu ya pili amwambie hivyo yeye mwenyewe. Kazi sidhani kama itabaki, na huenda likaenda mbele zaidi ya kazi, sijui. Lakini kinachonitisha zaidi si mkurugenzi. Ni lile swali la uani. Nimejiuliza kila siku tangu juzi, na bado jibu ni lilelile.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe mwisho wa mwezi nikienda. Wewe nimekwambia kwanza kwa sababu hujawahi kunifariji kwa uongo, hata nilipokuwa mtoto. Barua hii ikikufikia, mambo ya kesho yatakuwa yameshapita. Nipigie basi, uniulize, na nikianza mzaha nikatishe.

Nisalimie mafundi wenzako, hasa yule mzee wa nondo anayekukatia nywele. Mwambie wifi kwamba kitambaa alichoniagiza nimekipata, cha kijani, si cha bluu. Watoto wabusu wote, na yule wa mapengo mbusu mara mbili.

Ni mimi mdogo wako,

Chiriku